Ana Kalas

Ujumbe wa Cirillo uliingia saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, wakati Barnabas ana mayai thelathini kwenye karai na wageni wa semina wamekwisha kuanza kuulizia chai. Aliufungua kwa kidole cha mwisho, kile pekee kisichokuwa na mafuta. Maneno yalikuwa mawili tu: Ana kalas.

Akatuma dole gumba. Akaongeza, "Safi sana, mwanaume!" kisha akairudisha simu mfukoni mwa aproni na kuyawahi mayai kabla hayajaungua.

Sasa, Barnabas huyu alikuwa mtu wa utaratibu mpaka anaudhi. Mkenya wa Kitale, mpishi mkuu katika hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat, mjini Juba, mtu anayepanga vitunguu kwa ukubwa. Ndiyo maana wanaume saba waliokuwa wakikutana kila Jumapili katika chumba cha nyuma cha kliniki walimfanya kapteni wao bila hata kupiga kura. Wote saba walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi. Walitoka kila upande: Mkenya, Waganda wawili, Mbari, Mkuku na Mdinka wa hapo Sudan Kusini, na Mhabeshi mmoja asiyesema sana, na kama si foleni ya dawa wasingekaa benchi moja maisha yao yote. Kwenye simu kundi lao liliitwa "Wauza Saruji", ili mke akichungulia asishtuke. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza saruji.

Kila asubuhi mtu akishameza kidonge chake aliandika "kalas". Ni neno la Kiarabu cha Juba, na maana yake ni tayari, ni basi, ni kwisha, ni imetosha. Neno moja linalofanya kazi za watu wanne. Asiyekuwa na simu aliripotiwa na mwenzake aliyepangiwa naye. Semei, Mganda muuza mayai, alikuwa ameibiwa simu sokoni, kwa hiyo Cirillo, yule Mkuku fundi wa tairi, ndiye aliyekuwa akimwandikia: "Kalas. Semei kalas." Basi Barnabas aliposoma "Ana kalas" aliisoma kwa Kiswahili cha kwao. Ana, yaani yeye ana, yaani Semei amemeza. Sarufi haikumsumbua. Watu wanaosema "mimi iko" na "yeye hapana kuja", aliwaza, watashindwa vipi kusema "ana kalas"?

Kanuni nyingine za kundi zilitoka kinywani mwake mwenyewe, na alizikariri kila Jumapili hata kabla watu hawajakaa. Hapa ni dawa tu. Hakuna kulia. Mambo ya nyumbani mtu ayaache nyumbani, na mtu asimfuate mwenzake kwake. Waliomsikia walidhani ni ukali. Ukweli ni kwamba Barnabas alikuwa mwoga. Mkewe Loise alikuwa Kitale na watoto wawili, na kwa miaka mitano Barnabas hakuwa amemwambia. Vipimo vyake vilikuwa havionyeshi virusi kwa muda mrefu, daktari alishamhakikishia kwamba hawezi kumwambukiza mkewe, na yeye akauchukua uhakika huo akajifichia humo humo. Mtu asiyetaka kuulizwa habari za nyumbani kwake ni rahisi sana kutunga kanuni kwamba mtu yeyote asiulizwe.

Saa nne Semei akaingia kwa mlango wa nyuma na trei kumi za mayai.

"Leo umewahi kumeza," Barnabas akamwambia kwa sauti ya chini huku akizipokea. "Cirillo ameniandikia."

Semei akasimama. "Cirillo gani?"

"Cirillo wako. Fundi wa tairi."

"Mimi hapana ona Cirillo tangu Jumapili, sebo. Yeye atajua namna gani kama nimemeza?"

Barnabas akaweka trei chini polepole. Siku nne. Siku nne nzima Cirillo alikuwa akimripoti mtu asiyemwona, na yeye kapteni alikuwa akituma madole gumba.

"Na hiyo Jumapili," Semei akaendelea, akikuna shingo, "alinipa pampu yake. Ile ya mguu. Alisema, Semei, chukua, mimi haina kazi nayo tena. Nikafikiri amenunua ya umeme."

Fundi wa tairi amegawa pampu yake. Barnabas akatoa simu, akaisoma tena ile ya asubuhi, na safari hii lile "ana" halikumkalia sawa. Akatoka mbio hadi getini kwa Tombe, mlinzi, Mbari wa hapo hapo Juba, si yule wa kundi.

"Tombe, hebu nisomee hii."

Tombe akaishika simu mbali na macho. "Hii Arabi," akasema. "Ana, hiyo ni mimi. Ana kalas. Mimi nimeisha." Akainua uso. "Nani ameandika hii? Huyu mtu iko wapi?"

Chini ya maneno hayo lilikuwa limesimama dole gumba la njano. Safi sana, mwanaume! Mtu amemwandikia kwamba ameisha, na yeye amempongeza. Alijichukia pale getini kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, na alijichukia zaidi alipokumbuka kwamba baada ya kutuma alikuwa ametabasamu.

Akampigia Cirillo. Simu imezimwa. Akampigia Edrine, nesi wa kliniki, na Edrine hakumwacha hata amalize sentensi. "Nenda sasa hivi," akamwambia. "Ukimpata zungumza naye, na usimwache peke yake hata dakika moja. Umlete kwangu. Mimi sitoki hapa."

Lilibaki suala la Janet. Janet alikuwa meneja, Mkenya vilevile, na kabla hajaja Juba alikuwa akiimba kwaya moja na Loise. Alimkuta Barnabas akifungua aproni.

"Unaenda wapi na watu themanini wanakula saa saba?"

"Rafiki yangu ni mgonjwa."

"Rafiki gani? Anaumwa nini?"

Swali lilikuwa dogo tu, lakini jibu lake lingefika kwa Loise. "Malaria," akasema.

"Malaria watu wanameza dawa wanaenda kazini. Barnabas, sikiliza. Ukitoka kwa hiyo geti, usirudi."

Barnabas akaiweka aproni juu ya trei za mayai, akatoka.

Walichukua raksha, ile pikipiki ya magurudumu matatu ambayo kwingine huitwa bajaji, Semei akiwa mbele amebanana na dereva kumwonyesha njia. Cirillo alikuwa na banda lake Sherikat, ng'ambo ya daraja la Juba, na hicho ndicho kitu pekee walichokijua kuhusu mahali anapokaa. Walikaa kwenye foleni ya malori darajani. Kila dakika Barnabas aliitazama simu. Alikuwa ameandika "Cirillo, nakuja, sikuelewa," lakini ujumbe ulikuwa haujafika.

Banda lilikuwa la mabati, nyuma ya maegesho ya malori. Watu kumi na tano hivi walikuwa wamesimama mbele yake: madereva, mataniboi wanaowasaidia, mama muuza chai. Mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa mlangoni, midomo ameibandika kwenye ufa wa bati, akinong'ona kwa Kikuku. Alipowaona akainuka.

"Nyinyi ni nani?"

Barnabas na Semei wakatazamana. "Sisi ni... watu wa saruji," Semei akasema.

"Ah." Mwanamke akawapima kwa macho, mmoja baada ya mwingine. "Mimi ni Poni, bibi yake. Saruji yenu mimi najua tangu zamani. Sasa ndiyo mmekuja?"

Poni akaelekeza mlango kwa kidevu.

"Ameacha kulala nyumbani wiki mbili. Leo asubuhi mtu ameniletea viatu vya mtoto, amenunua mpya, na barua. Nimekimbia. Amefunga na mnyororo ndani. Anasema, mtu akivunja mlango hapana mkuta hai."

Barnabas akasogea, akagonga bati kwa ngumi. "Cirillo! Ni mimi, kapteni. Fungua mlango."

Akagonga tena.

"Cirillo, wacha mchezo. Fungua tuongee kama wanaume."

Sauti ikatoka ndani, kavu, ya mtu asiyelala. "Enda pika."

Yu hai. Lakini sauti ile haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia hofu. Akamgeukia Poni. "Mama, kuna nini? Mmegombana?"

"Mimi na yeye? Hapana. Mimi mwenyewe ndiyo nampa maji ya dawa." Poni akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ni sahani."

"Sahani?"

"Kwa kaka yake, siku ya maombi ya mama yao. Kuna mtu amesema ugonjwa yake pale. Chakula ikaletwa. Wanaume wote wanakula sinia moja, si unajua watu wetu. Yeye akaletewa sahani yake peke yake, pembeni, na kikombe yake. Mbele ya watoto wote. Tangu siku hiyo yeye si mtu."

Barnabas alibaki amesimama. Alikuwa ameisikia habari hiyo. Aliisikia Jumapili, kutoka kwa Cirillo mwenyewe. Walipokuwa wanainuka kuondoka Cirillo alisema, akitazama sakafu, "Juzi juzi hapa, kwa kaka yangu, walinipa sahani yangu peke yangu." Na Barnabas, mpishi wa hoteli, mtu ambaye tangu utoto kila mtu kwao ana sahani yake na kwake hiyo ndiyo heshima, alicheka. "Bahati yako! Hapo kaka yako amestaarabika. Kila mtu na sahani yake, huo ndio usafi." Waganda wakacheka naye. Mbari na Mdinka hawakucheka, sasa alikumbuka vizuri, waliinamisha vichwa. Wao walielewa. Lakini kanuni ilikuwa mambo ya nyumbani yaachwe nyumbani, na kanuni hiyo haikuwa ya Mbari wala ya Mdinka.

Akakaa chini. Kwenye vumbi lenye mafuta ya magari, na suruali yake nyeupe ya kazi, mgongo kwenye bati.

"Cirillo," akasema. Hii haikuwa tena sauti ya kapteni. "Poni ameniambia habari ya sahani. Mimi sikujua. Nakuapia, sikujua. Kwetu sahani ni sahani. Ulinieleza umeumizwa na mimi nikacheka. Nisamehe."

Kitu kama kiti kikasogea ndani. Poni akauma mtandio wake.

"Na leo asubuhi uliniandikia. Nilisoma ana kama Kiswahili. Ana, yeye ana. Nikafikiri unasema Semei amemeza."

Lori moja likanguruma likazimwa.

"Ulifikiri nini?" sauti ikauliza, safari hii karibu na mlango.

"Semei amemeza."

"Miaka saba wewe iko Juba."

"Miaka saba."

"Na hapana jua ana ni nini."

"Sijui Kiarabu, Cirillo. Nimejua kununua nyama na kusema kalas, basi."

Ndani ikasikika sauti ambayo huwezi kusema ni kicheko wala kilio. "Mimi nilikaa hapa na simu," Cirillo akasema. "Nimesema, acha niandike kwa kapteni, nione. Ukaleta dole. Nikasema, basi. Hata yeye ameona ni sawa."

Barnabas akafumba macho.

"Enda kazi, kapteni," Cirillo akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Wewe iko sawa. Una kazi, una bibi, hakuna mtu anakupa sahani pembeni. Wewe hapana jua hii kitu."

Hapo Barnabas akatazama miguu iliyomzunguka. Viatu vya madereva wa Kenya, wa Kitale na Eldoret, watu wanaolala hotelini kwake, wanaompelekea Loise sukari wakirudi. Mmoja alikuwa amemtambua tayari, alikuwa anamnyooshea mwenzake kidole. Akajua kabisa kwamba neno lolote atakalolisema pale litavuka mpaka kabla ya kesho kutwa. Akapiga moyo konde.

"Mimi nina virusi," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Cirillo, unasikia? Nasema mbele ya watu. Mimi, Barnabas, nina virusi tangu mwaka wa pili wa kuja hapa. Kazi sina, nimeiacha asubuhi hii. Na bibi yangu hajui. Miaka mitano nampigia kila siku na hajui. Hakuna mtu ananipa sahani pembeni kwa sababu nimeificha, ndiyo hiyo tu. Wewe watu wanakujua na bado unatoka nje. Mimi siwezi. Nimekuwa kapteni wenu kwa sababu naogopa kuliko ninyi wote."

Hakuna aliyecheka. Mama muuza chai akasema "Yesu" taratibu. Semei, Mganda wa watu, mpenda mzaha, alikuja akakaa kwenye vumbi karibu na Barnabas bila neno.

Mnyororo ukalia. Mlango ukafunguka upana wa bega, Cirillo akatokea, uso umekonda, macho mekundu, akipepesa kwa mwanga. Poni akamkumbatia kwa nguvu hata wakayumba wote wawili. Semei akapita kando yao akaingia ndani. Alikaa humo kidogo, akatoka na kitu amekizungushia gunia, akaenda nacho mbali.

Safari ya kurudi, kwenda kliniki kwa Edrine, walipanda wawili, Barnabas na Cirillo. Poni alikwenda kumchukua mtoto kwa jirani na Semei akabaki ili awalete nyuma yao. Cirillo aliingia mwisho kwenye raksha, na walipofika katikati ya daraja, wamekwama nyuma ya lori la mahindi, ndipo Barnabas alipogundua kosa lake. Upande wa Barnabas ulikuwa na chuma cha kuzuia. Upande wa Cirillo ulikuwa wazi. Hatua tatu kutoka pale ni ukingo, na chini ya ukingo ni Nile.

Cirillo alikuwa ameshika nguzo ya raksha kwa mkono wa kushoto, mguu mmoja tayari uko nje.

"Yale maneno," akasema bila kumtazama. "Ya bibi yako. Ilikuwa kweli ama ya kunitoa tu?"

"Kweli."

"Watu wanasema maneno mlangoni. Mlango ikifunguka wanasahau."

"Cirillo, rudisha mguu ndani."

"Nauliza kwanza."

Dereva alikuwa akipiga honi, hajui lolote. Barnabas angeweza kumshika. Aliupima mkono ule wa fundi, mnene kuliko paja la mtoto, akaona hatamweza. Kilichobaki ni kimoja. Akatoa simu, akalitafuta jina, akabonyeza, akaweka sauti ya juu ili Cirillo asikie. Ikalia mara moja. Ikalia mara mbili. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba Barnabas aliomba Loise asipokee, na papo hapo akaomba apokee.

"Barnabas?" sauti ya Loise ikaja, nyuma yake kuku wakilia. "Mbona saa hizi? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Barnabas akasema. Cirillo alikuwa amegeuka sasa, anamtazama mdomoni. "Loise, kaa chini. Kuna kitu nimekuficha miaka mitano. Nina virusi vya Ukimwi. Nameza dawa kila siku. Wewe sikukuambukiza, daktari ameniambia, lakini tutapima uhakikishe mwenyewe. Nilipaswa kukuambia. Niliogopa."

Kuku waliendelea kulia Kitale. Lori la mahindi likasogea kidogo, raksha ikasogea, mguu wa Cirillo ukiburuza lami.

"Rudia," Loise akasema.

Barnabas akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola ya upishi, yeye aliyewakataza watu sita kulia. "Barnabas? Unanisikia? Barnabas, usinifanyie hivi! Nitakata hii simu," Loise akasema.

Cirillo akauingiza mguu ndani, akaiachia nguzo, akaichukua simu mkononi mwa Barnabas.

"Mama," akasema, "mama, samahani. Usikate. Mimi naitwa Cirillo, rafiki ya bwana yako. Yeye iko hapa, analia tu, hapana weza kuongea." Akasikiliza. "Ndiyo, mama. Hata mimi niko nayo. Bibi yangu hana, na mtoto hana. Ndiyo, kweli. Una haki kukasirika, kasirika tu, lakini usikate. Uliza mimi. Kitu yote unataka kujua, uliza mimi."

Loise akauliza. Aliuliza mengi, mengine kwa ukali na mengine akilia, na Cirillo akayajibu yote kwa Kiswahili chake alichokiokota kambi ya wakimbizi, akiinama juu ya simu ili upepo wa mtoni usimpoteze. Raksha ilikuwa imeshatoka darajani zamani, na yeye bado alikuwa akimweleza, simu ameishika kwa mikono yote miwili.